Lulu Nilizookota Mulekera

Masika, binti yangu, mama yangu,

Habari za kuchemsha maji, za kuvaa sweta mbili asubuhi na za kutojibizana na madereva, mama yako amekwisha kukupa. Amekupa mara nne, nimemsikia kupitia ukuta. Mimi sina la kuongeza huko. Mimi ni fundi wa nguo, na mdomo wangu, kama unavyoujua, hufunguka kwa ukali tu. Ndiyo maana naandika.

Kesho camion, lile lori la maharage, itakutoa hapa Butembo, ikupeleke Beni, kisha Kasindi, kisha ng'ambo ya mpaka, kwa mama yako mdogo kule Kasese. Mama Kahambu, muuza vitenge, atakuwa nawe juu ya magunia, na kila kizuizi atasema wewe ni mtoto wa dada yake. Kwa nini unakimbia, unajua. Mbuzi wawili wamefungwa chini ya mparachichi wetu tangu Jumatano. Aliyewaleta ni yule kamanda aliyejiweka katika nyumba ya mwalimu mkuu, yule aliyekuona ukitoka masomo. Una miaka kumi na sita. Yeye ni rika langu.

Na desturi unaijua. Mwanaume akitaka binti, mbuzi wanaingia uani. Wazee wakiwachinja wakala, binti ameolewa, hakuna tena maneno. Wasipotaka, mbuzi wanarudi wazima kwa mwenyewe. Kamanda huyu si wa kwetu, lakini desturi hiyo ameshafundishwa na watu, na imempendeza sana, maana anaona inafanya kazi ya bunduki bila kelele.

Sasa nikuambie usilolijua. Camion itapita Beni, na utaiona barabara ya Mulekera tulikokaa ulipokuwa mdogo, na utamkumbuka shangazi yako Kavugho, aliyekuwa akikusuka nywele mlangoni pa atelier yangu, chumba changu cha kushonea. Nilikuambia alikufa kwa malaria. Nilikudanganya. Shangazi yako aliuawa mbele ya mlango ule, na mimi nilihusika. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nimeyaficha haya tangu ile vita ya kwanza.

Unajua jinsi nilivyokuwa na jina Beni. Wengine walishona suruali za masomo na kutia viraka. Mimi nilishona robe, magauni ya maarusi, zenye lulu. Wafanyabiashara waliokwenda Dubai waliniletea lulu hizo katika vifuko vya plastiki, nyeupe, nyepesi, zimetobolewa tayari. Maarusi waliziita perle, kwa Kifaransa, wakilivuta neno lenyewe kama pipi mdomoni. Mimi nilizishona moja moja, kila moja na fundo lake, ili uzi ukikatika ianguke moja tu, zisianguke zote. Wavivu hupitisha uzi mmoja shingo nzima. Niliwacheka. Nilikuwa na kiburi, mwanangu, na sikukificha.

Mara moja nilimuuliza padri lulu ya kweli inatoka wapi. Akaniambia kuna mnyama wa baharini anaitwa chaza, anaishi katikati ya magamba mawili. Kitu kigumu kikimwingia kikamwumiza, hana mkono wa kukitoa, basi anakizungushia ute wake siku baada ya siku mpaka kinang'aa. Watu wanapasua magamba, wanaitoa, na yeye anakufa. Nikamwuliza na neno lenyewe je. Akasema lulu ni la Waarabu, lilipanda huku na misafara kutoka pwani, na perle ni la Wazungu, na hata Wazungu wenyewe hawana hakika walilitoa wapi. Nikafurahi, nikawa nawasimulia wateja wangu, nikijiona mtu aliyesoma.

Bibi yangu hakuwa na neno lolote kati ya hayo mawili. Yeye aliziita zote shanga, za kioo, za plastiki, hata lulu zangu. Nilipokuwa mtoto kule Lubero, tukimenya viazi, aliniambia kwamba bibi yake yeye alibadilishwa kwa shanga, upande wa Manguredjipa, misafara ilipofika. Waliokuja na bunduki walisema, toeni msichana mchukue shanga, au tuwashe moto. Kaka zake wakamtoa. Halafu wakazivaa zile shanga. Mimi nikauliza, "Bibi, zilikuwa nzuri?" Alinipiga kofi ambalo nikigusa shavu bado nalipata. Sikuelewa kosa langu lilikuwa nini. Nimekuja kulielewa Mulekera.

Ile vita ya kwanza ilipofika Beni, askari waliokimbia walipora, na waliowafukuza wakapora kilichobaki. Tulimwona jirani yetu, muuza chumvi, akipigwa shoka mbele ya duka lake kwa sababu alichelewa kutoa funguo. Maiti yake ilikaa pale siku mbili. Mama yako alikufunga kitambaa machoni ukienda chooni ili usiione. Labda unakumbuka kitambaa. Ulidhani ni mchezo.

Katika siku hizo kamanda mmoja, si huyu wa sasa, alimwona Kavugho akiniletea chai. Dada yangu alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na alicheka kwa sauti hata vita ikiwa nje. Kamanda akasimama mlangoni, akasema kwa Kilingala, "Perle na ngai," yaani lulu yangu. Kesho yake askari wakaleta mbuzi watatu na kitambaa cheupe cha satini. Agizo lilikuwa robe nishone mimi, kaka yake. Kamanda alikuwa amesikia kwamba hakuna mwingine Beni anayeweza.

Kavugho alinijia siku hiyohiyo. "Yaya, mi hapana enda na ule mutu," aliniambia mimi, kaka yake mkubwa. "Unitume kwa bamama kule Lubero. Napita mu milima, najua njia."

Nikamwambia, "Ngoja kwanza. Banajeshi banahama kila wiki. Nitashona pole pole, ye ataitwa kwenye vita, tutarudisha mbuzi yake."

Lilikuwa wazo zuri, hata leo likisemwa linaonekana zuri. Mjomba wangu aliliunga mkono. "Heri nusu shari kuliko shari kamili," alisema, na mimi nikatikisa kichwa. Lakini nikuambie lililokuwa chini ya wazo hilo. Tangu mbuzi walipofungwa uani kwetu, hakuna askari aliyegusa atelier yangu. Mafundi wenzangu waliporwa cherehani, mmoja akakatwa mkono. Kwangu walipita wakisalimia, "Shemeji!" Na mimi, Mungu anisamehe, nilizoea. Nililala vizuri. Dada yangu alikuwa ukuta wangu, nami nikamwambia angoje.

Nilishona pole pole, kweli. Ila sikujua kushona vibaya. Mikono yangu ilikataa. Nilipanga lulu kifuani kama majani ya kangaga, nikazishusha mgongoni kwa vifungo vidogo vidogo, na jioni nilikuwa narudi nyuma hatua tatu kuitazama. Ilikuwa robe nzuri kuliko zote nilizowahi kushona. Kavugho alikuwa akiniona ninavyoitazama.

Halafu ikaja njaa. Mapigano yalirudi upande wa barabara ya Kasindi, soko likafungwa, siku ya tano tulikuwa tunachemsha majani ya mihogo bila chumvi. Wewe ulikuwa unalia, halafu ukaacha kulia, na kuacha huko ndiko kulikonitisha. Uani kulikuwa na mbuzi watatu wa mtu mwingine. Nikamchukua mmoja nikamchinja.

Wewe ulipewa ini. Huna kosa, Masika, ulikuwa mtoto wa njaa, na mbele ya Mungu ningekupa tena. Kosa ni langu, na si la kuchinja. Kosa ni kwamba nilipomaliza kumchuna nilijua vizuri nimefanya nini, na sikumwambia Kavugho, "Ondoka sasa hivi, kimbia." Nilimwambia, "Kula." Hakula. Alikaa kwenye kizingiti akiwaangalia mkila, akikuchagulia mifupa.

Mtu alimpasha kamanda habari. Siku ya tatu gari lilisimama mlangoni, yeye ndani yake ananukia marashi, na askari wanane nyuma. Nikajaribu kusema robe haijaisha. Akacheka.

"Fundi, mulikula mbuzi yangu," alisema. "Donc bibi ni yangu, ni muke wangu. Mimi niliheshimu desturi yenu. Munataka sasa nisiheshimu?"

Mjomba wangu alitazama chini. Mimi pia. Askari wakaanza kupiga kelele, "Noki! Noki!" wakituhimiza, na mmoja akaweka mdomo wa bunduki kwenye kichwa cha mama yako, aliyekuwa amekulalia wewe chini ya meza ya kukatia. Nikamvalisha dada yangu robe. Nilipiga magoti nyuma yake, nikafunga vifungo kimoja kimoja, pini mdomoni, kwa sababu kiuno kilikuwa kimempwaya. Alikuwa amekonda wiki ile na mimi sikuona.

Akaniuliza bila kugeuka, "Yaya, ile mbuzi ilikuwa tamu?"

Nilikuwa na pini mdomoni. Ningeweza kuzitema.

Alitoka nje akitembea wima. Kamanda alimnyoshea mkono amsaidie kupanda. Kavugho akatoa katika mikunjo ya robe yale makasi yangu makubwa ya kukatia, sijui aliyachukua saa ngapi, akampiga nayo shingoni. Hayakuingia palipotakiwa. Yalipasua shavu na sikio, kamanda akaanguka kwa magoti akipiga mayowe kama nguruwe, na askari wakamfyatulia dada yangu risasi zote walizokuwa nazo. Hawakuacha hata alipokuwa chini. Mwili wake ulikuwa unaruka kwa kila risasi. Satini ilikuwa nyekundu mpaka miguuni, na vile vifundo vyangu, ambavyo nilijisifu kwamba haviachii, vilikuwa vikikatwa na chuma, lulu zikirukaruka barabarani na kuingia kwenye mtaro.

Walimpakia kamanda wao wakaondoka kwa kasi. Wanne waliobaki walitushughulikia sisi. Mjomba walimpiga kitako cha bunduki kifuani, hakuishi mwezi. Mimi walinilaza mkono juu ya meza yangu mwenyewe, wakauponda. Vidole hivi viwili ulivyovizoea vimepinda, uliambiwa ni cherehani. Halafu wakachukua mashine, wakamwaga mafuta ya taa kwenye vitambaa, wakawasha.

Sasa ninafika pale ninapokwepa kila siku. Askari walipoondoka, Kavugho alikuwa amelala njiani, uso kwenye vumbi, mita chache kutoka nilipokuwa. Niliinuka nikaenda. Nikainama. Na kitu cha kwanza mikono yangu ilichofanya, Masika, ni kuokota lulu. Niliokota moja, nikaipangusa kwenye suruali, nikaitia mfukoni, nikafuata nyingine. Nilizifuata mpaka ndani ya mtaro. Watoto wa jirani walitoka nao wakaanza kuokota, nami nikawafokea, nikawaambia waache, ni mali yangu. Mama yako ndiye aliyepiga kelele, "Papa Masika! Inua mutu kwanza!" Ndipo nikamwinua dada yangu.

Tulimzika nyuma ya nyumba, katika mihogo, na robe yake. Wiki ile ile tukapanda Butembo kwa miguu.

Zile lulu nilitembea nazo mfukoni. Sikuweza kuziuza wala kuzitupa. Ulipofika mwaka wa Komunyo yako ya kwanza, nilizichemsha kwa maji na majivu, nikazishona kwenye kola ya robe yako. Ile picha yako ukicheka mbele ya kanisa, watu wanayoisifia mpaka leo, ndizo hizo shingoni mwako. Mama yako alizitambua ulipokuwa unapanda kwenye altare. Hakuzungumza nami mpaka Kwaresima. Nimejiuliza sana kama nilitaka shangazi yako awe nawe siku hiyo, au nilitaka tu kuona tena kazi yangu ikisifiwa. Leo nitakuambia ukweli: yalikuwa yote mawili, na la pili lilikuwa kubwa.

Usiichane picha. Au ichane. Ni yako, si yangu kukuamulia.

Kanisani wanatuhubiria habari ya mfanyabiashara aliyeiona lulu moja ya thamani, akaenda akauza vyote alivyokuwa navyo, akainunua. Najua padri anamaanisha mbingu, na sibishani naye. Ila kila nikiisikia nakaa pale kwenye benchi na swali langu. Nauliza, katika hivyo vyote, nyumbani kwake kulikuwa na nani? Hakuwa na mama? Hakuwa na dada anayemletea chai? Mimi nilikuwa mfanyabiashara huyo, na lulu yangu haikuwa mbingu, ilikuwa mlango wa atelier usioguswa. Kaka za yule bibi wa Manguredjipa nao walipata ya kwao. Hakuna aliyezaliwa mbaya katika sisi. Tuliogopa, halafu tukazoea kupata faida kutokana na woga wetu. Hapo ndipo ubaya ulipo. Kwa woga peke yake nisingekulaumu, na wewe usijilaumu.

Huko uendako utaogopa. Ogopa tu. Lakini siku utakapoona kuna mtu mwingine anaumia ili wewe ulale vizuri, mwanangu, toka kitandani. Hata kama wazee wote wanatikisa kichwa. Hata kama maneno yao ni matamu.

Na mwanaume akikuita perle, cheka, ikiwa ni mtu mwema atacheka nawe. Yule wa hapa ameniletea kikaratasi pamoja na mbuzi wake, nacho kinasema "perle yako nitaitunza." Nilipokisoma nilitoka nje nikatapika. Wewe si kitu cha kutunzwa. Wewe ni mtu, mkali kama mimi, mbishi kama Kavugho, na unapika ugali mbaya, nitaukosa.

Mbuzi hawajaguswa. Ndugu zako wadogo wameniuliza mara tatu tutawala lini, na mdogo wako wa pili amenuna kwa njaa ya nyama, nimemnyamazisha vibaya mno, utaniombea msamaha. Kesho camion ikishapita kizuizi cha mwisho, Mama Kahambu atamtuma mtu aniambie. Mama yako na watoto watakuwa wamekwisha shika njia ya Lubero. Mimi nitawafungua wale mbuzi na kuwarudisha wazima, kwa mikono yangu, mpaka mlangoni kwa kamanda, mchana, watu wakiona. Ndivyo baba anavyokataa kwetu. Hakuna njia nyingine ya kukataa ambayo inaeleweka. Nikikimbia nanyi, atasema nilikubali nikamwibia, na atawafuata mpaka Lubero. Nikirudisha, neno limekwisha kati yangu na yeye.

Mama yako anajua. Tumegombana, amelia, kisha amenipigia pasi shati jeupe.

Usidhani naenda kwa sababu nimekuwa jasiri. Tangu asubuhi nimekwenda chooni mara nyingi kuliko mtoto aliyekula maembe mabichi. Naenda kwa sababu Kavugho aliniomba jambo moja dogo, nimtume Lubero, nami nilikuwa na siku nyingi za kulifanya. Hilo siwezi kulirekebisha. Wewe naweza kukutuma, na ninakutuma.

Labda atacheka aniache. Wakati mwingine wanacheka. Lakini habari ikija Kasese kwamba sikutoka mlangoni pale, nisikilize vizuri, maana hili ni agizo na si ushauri. Wewe ni Masika, mtoto wangu wa kwanza, na najua wajomba watakutumia watu waseme mzaliwa wa kwanza lazima atupe udongo juu ya baba yake. Usije. Wakisema baba atalala vibaya, waambie alikwisha lala vibaya miaka yote hii na amezoea. Lia huko huko kwa mama yako mdogo, lia kwa sauti, halafu unawe uso uende masomo. Ukirudi kunizika, nitakuwa nimekwenda kule bure.

Ni mimi baba yako,
Mbusa, fundi wa nguo